Anza na rosta: namna ya kulinda akili za watu wa wodini wakati wa mlipuko

Tarehe 16 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini, nilikuwa chumba cha manesi na penseli na raba, napanga rosta ya zamu za Aprili. Nilikuwa inchaji, yaani nesi msimamizi, wa wodi ya wanaume katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Kabla jua halijazama simu zilishaanza. Huyu mgongo unamuuma. Yule mama yake yuko Tanga, kazidiwa. Mwingine anaomba ahamishiwe kliniki ya watoto, hata bila posho. Nikafuta, nikaandika, nikafuta tena mpaka karatasi ikatoboka.

Wiki kadhaa baadaye tukaletewa semina ya afya ya akili. Siidharau, sambusa zilikuwa za moto na mwezeshaji alikuwa mtu mpole. Alituambia tuvute pumzi taratibu, tufanye mazoezi, tulale vya kutosha. Nesi aliyekaa kulia kwangu alikuwa ametoka zamu ya usiku moja kwa moja. Alisinzia sambusa ikiwa mkononi, imeng'atwa mara moja tu. Nilipomtazama nikajua aliyemnyima usingizi ni mimi. Ulikuwa usiku wake wa tano mfululizo, na jina lake nililipanga kwa mkono wangu.

Haya ninayoyaandika nimewaandikia mainchaji wa wodi kwanza, kisha manesi, madaktari, wahudumu na kila anayeingia zamu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si dharura ya kimataifa tena, lakini mwaka huohuo Kagera ilipata Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, na Januari 2025 ikapata tena. Basi la Bukoba, mji wa huko Kagera, linashusha abiria hapa Dar pale Mbezi kila siku. Jipange kabla.

Hatua ya 1: Panga rosta kama unavyopanga dozi

Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Hakuna inchaji atakayemruhusu nesi aliyelewa achanganye dawa. Lakini kila wiki tunamwambia nesi wa usiku, "Subiri kidogo, mwenzako yuko kwenye foleni Mbagala," na kidogo hiyo inafika saa tano asubuhi.

Sheria nilizojiwekea baada ya ile semina ni hizi. Usiku usizidi mitatu mfululizo, na baada ya usiku wa mwisho siku mbili za ofu, yaani mapumziko. Mtu asitoke usiku akarudi asubuhi ya kesho yake. Anayefanya kazi upande wa wagonjwa waliotengwa akimaliza wiki mbili atoke, aende wodi ya kawaida, hata kama yeye mwenyewe anasema bado ana nguvu. Wanaosema bado wana nguvu ndio wa kuwaangalia zaidi.

Halafu hesabu safari. Nesi anayekaa Chanika na wa zamu ya asubuhi anaamka saa kumi alfajiri, kwa hiyo zamu yake haianzii wodini, inaanzia kitandani. Kama kuna wawili na mmoja anakaa jirani, zamu ngumu ya kubadilishana usiku mpe wa jirani, kisha umfidie kwa ofu ya Jumapili. Waeleze wote hesabu hiyo, la sivyo wataona una upendeleo.

Andika jina la akiba kwa kila zamu, mtu anayejua kwamba leo anaweza kuitwa. Bila akiba utampigia aliye ofu, na ofu ya kusubiri simu haina tofauti na kazi.

Na rosta isiishie kwa manesi. Mhudumu wa usafi, mlinzi wa getini, kijana wa mochwari: hao ndio wanaobeba ndoo, miili na matusi ya ndugu wa wagonjwa, na mara nyingi hakuna aliyewaambia hata ugonjwa wenyewe unaambukizwa vipi. Nilimkuta mhudumu wetu mmoja, mama mtu mzima, akioga kwa klorini ya kudekia. "Sista, mimi sijasoma, ila nina wajukuu," aliniambia. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imebabuka hadi kiwikoni. Dakika tano za maelezo zingemwondolea hofu ya mwezi mzima, na hakuna aliyekuwa amempa hizo dakika.

Hatua ya 2: Kila mtu awe na pacha wa zamu

Gawa watu wawili wawili, mkongwe na mgeni. Pacha ana kazi mbili.

Ya kwanza ni kumtazama mwenzake akivaa na akivua vifaa vya kujikinga. Hatari kubwa iko kwenye kuvua: glovu kwanza, kisha miwani, kisha gauni, barakoa mwisho, na mikono inaoshwa katikati na mwisho, kwa utaratibu wa hospitali yenu. Kinga ya mwili kila mtu anaijua. Faida ya pili nilichelewa kuiona. Mtu aliyevua peke yake, amechoka, hupanda daladala akiwaza: hivi niligusa uso? Nilianza na glovu au miwani? Wazo hilo linamfuata hadi kitandani. Aliyevua mbele ya pacha anapiga simu, anauliza, anajibiwa, "Hukugusa, nilikuwa nakuangalia." Analala.

Kazi ya pili ni kuuliza. Hapa Dar ukimuuliza mtu "Mambo?" atakujibu "Poa" hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Salamu zetu hazikujengwa kwa ajili ya kusema ukweli, na si vibaya, ndivyo tulivyo. Kwa hiyo pacha aulize vitu vyenye jibu: Umelala saa ngapi mpaka saa ngapi? Tangu asubuhi umekula nini? Mgonjwa yupi hakutoki kichwani?

Swali la tatu lilinionyesha kitu ambacho nisingekiona mwenyewe. Nesi mmoja kijana, hodari, mwepesi wa utani, alimwambia pacha wake kwamba ameazima oksimita ya wodi, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu. Usiku, chini ya shuka ili mumewe asione mwanga, alikuwa akiibana kidoleni kila baada ya robo saa. 98. 97. 98. Ikisoma 96 anaamka anakaa. Alikuwa amefanya hivyo siku kumi na moja. Wodini hakukosea hata dawa moja.

Hofu yake haikuwa ya kubuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya wapatao 115,500 walifariki kwa korona duniani. Ndiyo maana sikumwambia "acha woga". Tulikubaliana apime mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, aandike kwenye karatasi anitumie. Baada ya wiki mbili aliirudisha oksimita bila kuambiwa.

Hatua ya 3: Maji, choo, chakula

Hii ni fupi lakini ndiyo inayopuuzwa. Ndani ya gauni la plastiki, kwenye joto la Machi la Dar, jasho linachuruzika hadi kwenye viatu. Watu huacha kunywa maji ili wasiende choo, kwa sababu kwenda choo ni kuvua na kuvaa upya. Matokeo yake ni kichwa kuuma, hasira, na ugomvi ambao baadaye mnauita "tabia ya fulani". Sisi tuliweka kikomo cha saa mbili ndani, kisha mtu anatoka, anakunywa, anakaa mbele ya feni. Wanawake walio kwenye hedhi wapangwe vipindi vifupi bila kulazimika kueleza mbele ya watu. Mwambie pacha, inatosha. Na usiku pawe na chakula cha kweli. Mama lishe wa nje ya geti akifunga, mtu wa mapokezi anunue chapati na maharage mapema kwa mchango. Chai kavu haimfikishi mtu alfajiri.

Hatua ya 4: Dakika kumi za kukabidhiana

Mkishamaliza ripoti ya wagonjwa, bakini dakika kumi, mkiwa mmesimama. Inchaji aulize mambo matatu: nini kilienda vizuri, nini kilikosekana, nani anahitaji msaada wa leo hii. Mwisho.

Usimlazimishe mtu kusimulia. Kuna dhana kwamba aliyeona jambo baya akalishwe chini alieleze lote mara moja ndipo atapona. Shirika la Afya Duniani linashauri usifanye hivyo kwa mtu aliyetoka kupata mshtuko. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mtu yeyote wodini anaweza kujifunza, ina maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani hayuko sawa. Sikiliza kama anataka kusema, nyamaza naye kama hataki. Muunganishe na anachohitaji, na mara nyingi anahitaji nauli, simu kwa mtoto au saa mbili za kulala.

Swali la pili, nini kilikosekana, ndilo zito. Kuna usiku mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja na wanaume watatu wanauhitaji. Nesi wa zamu alikuwa na mwaka mmoja kazini. Aliamua peke yake, saa nane usiku, na kulipokucha mmoja alikuwa amefariki. Hakuna aliyemlaumu. Hilo halikumsaidia, kwa sababu hakuna pia aliyekuwa amebeba pamoja naye. Alianza kukwepa kitanda namba sita hata kilipokuwa na mgonjwa mwingine kabisa. Alikuwa anazungukia ukutani.

Kidonda cha namna hii si hofu na si uchovu. Ni dhamiri imejeruhiwa: mtu amelazimika kufanya, au kutofanya, jambo linalopingana na sababu iliyomfanya aje kazini. Kuvuta pumzi taratibu hakukitibu. Kinachopunguza ni utaratibu. Uamuzi wa nani apate kifaa ufanywe na watu wasiopungua wawili, daktari akiwemo, hata kwa simu, na uandikwe nani waliamua na kwa vigezo gani. Pili, weka daftari la kilichokosekana. Mtungi, glovu, dripu, gari la wagonjwa lililochelewa. Kila asubuhi inchaji alibebe hadi ofisi ya mganga mfawidhi. Nusu ya maombi hayatajibiwa, nakuambia ukweli. Lakini nesi aliyeandika "mtungi mmoja, wagonjwa watatu" ameshaliweka jambo hilo mahali linapostahili, nje ya kifua chake.

Kuwapigia ndugu simu za msiba kuzunguke pia. Tulikuwa na dada mwenye sauti nzuri, ya upole, tukamwachia yeye zote. Ilikuwa dhambi yetu ya uvivu. Alifika mahali simu yake mwenyewe ikiita nyumbani anatetemeka.

Hatua ya 5: Njia ya kurudi nyumbani

Miongozo mingi inasema mhudumu alale chumba chake peke yake. Mwandishi wake hajawahi kupanga chumba Manzese. Watu wangu wengi walikuwa na chumba kimoja, au chumba na sebule, choo na bafu uani, wapangaji sita.

Fanya hivi. Usivae sare kwenye daladala. Badilisha kazini, na kama hospitali ina dobi sare ibaki huko. Mimi mwenyewe konda aliniona na sare nyeupe, akasema kwa sauti, "Sista, wewe subiri linalokuja," na gari zima likageuka. Hospitali ikiweza kutoa gari la wafanyakazi hata kwa zamu ya usiku tu, idaiwe hivyo, kwa maandishi. Nyumbani, panga na mmoja wa wapangaji akuwekee ndoo ya maji bafuni unapokaribia. Kandambili zikusubiri mlangoni. Watoto wafundishwe sheria moja isiyobadilika: mama akitoka bafuni ndiyo anakumbatiwa. Sheria isiyobadilika haimuumizi mtoto kama ile ya leo ndiyo kesho hapana. Lala upande wa dirisha, dirisha wazi.

Kisha majirani. Usisubiri maneno yakufikie. Nilipoona nesi wangu mmoja amehamishiwa ndoo zake mbali na bomba, nilimpigia mama mwenye nyumba mwenyewe.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye mkubwa wake kazini."

"Marahaba mwanangu. Wapangaji wananisumbua, wanasema anatuletea."

Nilimweleza binti anavyovaa, anavyooga kabla ya kutoka, na kwamba akiumwa atakuwa wa kwanza kupimwa. Nikamwambia pia kwamba siku mama akizidiwa usiku, anayelala nyumba yake ni nesi. Alicheka. Ndoo zilirudi. Inchaji mwenye cheo na umri anaweza kufanya hivi kwa dakika tano. Binti wa miaka 24 hawezi kujitetea peke yake uani.

Hatua ya 6: Usingizi wa mchana

Lala mapema baada ya kufika, usianze kufua. Kanga mbili nzito dirishani, feni, pamba masikioni, kwa sababu sabufa ya jirani haikuhurumii. Kahawa ya mwisho isizidi saa nane usiku: karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tano baada ya kunywa. Pombe inakulaza lakini usingizi wake haujengi. Na diazepamu, dawa ya kutuliza, ya kabati la wodi usiiguse. Nimeshuhudia kidonge kimoja cha "leo tu" kikawa kawaida ya miezi minane.

Hatua ya 7: Simu na ukoo

Kwenye ukoo wewe ndiye daktari, hata kama wewe ni mhudumu wa maabara. Sauti za WhatsApp zitakuja arobaini kwa siku: nipige nyungu, yaani nijifukize mvuke, ya mwarobaini au ya mchaichai? Ni kweli fulani kafa? Rekodi sauti moja asubuhi, dakika mbili, yenye unachokijua na namba 199 ya Wizara ya Afya ambayo kupiga ni bure, itume makundi yote, kisha zima mlio. Nyungu usibishane nayo saa nzima. Waambie maji ya moto yasimuunguze mtoto, na anayeshindwa kupumua aje hospitali leo.

Kulikuwa na uzito mwingine ambao vijana wa sasa huenda hawaukumbuki. Takwimu za taifa za korona ziliishia mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka. Mapema 2021 watu mtaani walisema "changamoto ya upumuaji". Sisi tulikuwa tunaona tunachokiona, tunarudi nyumbani ambako wengine wanatuuliza kwa nini bado tunavaa barakoa. Kuona jambo usiloweza kulisema kunachosha kuliko zamu mbili. Kilichotusaidia ni kile kikao cha dakika kumi: mahali pamoja ambapo kila aliyekuwepo alikuwa ameona alichoona mwenzake.

Hatua ya 8: Ujue lini si uchovu tena

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuishiwa kutokana na kazi kwa dalili tatu: nguvu kuisha, kuiona kazi kwa kebehi au kujitenga nayo, na kuhisi hufanyi lolote la maana. Kebehi ndiyo ya kuitazama wodini. Nesi aliyekuwa anawaita wagonjwa "baba" na "kaka" akianza kusema "yule wa kitanda cha nne", kaa naye.

Hiyo hurekebishwa zaidi na rosta na likizo. Sonona ni jambo jingine. Huzuni au kutopenda chochote, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, hamu ya kula kupotea, kujilaumu au kuwaza kifo: huyo aonwe na mtaalamu. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili. Watu wetu huogopa kuonwa na wenzao kwenye foleni ya kliniki hiyo, kwa hiyo mruhusu aende hospitali nyingine, na kwenye rosta andika "mgonjwa" kama ungeandika kwa malaria.

Ukihofia kwamba anataka kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake hata kwenda choo, funguo za kabati la dawa zitoke mikononi mwake, na apelekwe leo.

Hatua ya 9: Wimbi likipita

Wengi huanguka baada ya kazi kupungua. Chanjo ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021 nilidhani tumemaliza. Septemba watu watatu waliomba uhamisho na mmoja akaacha kazi. Likizo zilizosogezwa zilipwe kwa zamu, kuanzia kwa aliyekaa muda mrefu zaidi upande wa waliotengwa. Mapacha waendelee miezi sita. Anayerudi kutoka kuumwa apewe nusu ya wagonjwa kwa wiki mbili za kwanza, na asipangwe usiku. Acha mistari miwili mitupu chini ya rosta ya kila mwezi kwa ajili yake, hata kama leo hujui atakuwa nani.